Jinsi ya kupima mwangaza wa Eta Carinae kwa darubini ya mkononi

Eta Carinae hung'aa takriban mara milioni tano kuliko Jua, ila umbali wa miaka-nuru 7,500 hivi unaifanya ionekane nyota ya kawaida. Mwaka 1843 ilizipita nyota zote za usiku isipokuwa Sirius, kisha ikafifia hadi isionekane kwa macho matupu. Sasa imerudi, iko magnitudo 4 na ushei (magnitudo ni kipimo cha mwangaza wa nyota: namba ikipungua, mwanga umeongezeka).

Aprili, saa tatu usiku, tazama kusini. Dar es Salaam inafika nyuzi 37 juu ya upeo, Nairobi kama 32. Tafuta Msalaba wa Kusini, nyoosha mkono, kunja ngumi, usogee kulia ngumi moja na kidogo. Utakuta wingu jepesi la mwanga; nyota yako imo humo. Kilimia cha Kusini, kundi dogo la nyota, kikiwa nyuzi tano chini yake, hujapotea. Masika ikikuzibia anga, mapema usiku mwezi Juni bado ipo.

Chapa ramani ya "ETA CAR" kutoka tovuti ya AAVSO, shirika la waangalizi wa nyota zinazobadilika mwanga. Namba zake ni magnitudo za nyota, nazo hazina nukta, kwa sababu nukta ingedhaniwa nyota: 38 ni 3.8. Kaa gizani dakika 20, kisha kwa darubini ya 7x50 au 10x50 (inakuza mara 7 au 10, lenzi ya milimita 50) chagua nyota mbili, moja kali kuliko Eta, nyingine hafifu. Tuseme ni 3.8 na 4.6, na Eta imeshuka robo ya njia kutoka ile kali: andika 4.0.

Makosa mengi hutokea hapa. Nyota jirani iitwayo u Carinae ni ya rangi ya chungwa, na nyota za namna hiyo ukizikodolea macho huzidi kung'aa; zitupie jicho kwa zamu, upesi. Usilegeze fokasi, maana mwanga wa wingu utachanganyika na wa nyota. Linganisha na zilizo kimo kimoja nayo, kwani hewa ya karibu na upeo hula mwanga. Na kipimo cha jana usikisome kabla ya kuandika cha leo; macho hupenda kukubaliana na daftari.

Andika muda kwa UT (saa ya dunia nzima), yaani toa saa tatu kwenye saa ya Afrika Mashariki. Ukipima saa saba usiku, UT ni 22:00 ya tarehe ya jana, na wengi hukosea hiyo tarehe.