Kabichi ni maji: ninavyoichagua, ninavyoipika na ninavyoitumia hapa Uyole

Siku ya tatu tangu nifungue mgahawa wangu hapa Uyole, Mbeya, dereva mmoja wa lori la Tunduma aliinua bakuli la kabichi mpaka usawa wa macho, akaliinamisha kidogo, maji yote yakakimbilia upande mmoja. "Mama," akasema, "hii ninywe au nile?" Meza nzima ilicheka, mmoja akapaliwa na ugali. Nilikuwa nimeipika kama tulivyopikiwa bwenini: sufuria kubwa, maji nusu, kabichi, chumvi, mfuniko, subiri.

Ni miaka 14 sasa, na kabichi haijawahi kukosa kwenye jiko langu hata siku moja. Jibu la yule dereva nililipata taratibu: kabichi yenyewe ni maji. Katika kila kilo moja, gramu 900 na ushee ni maji matupu. Mpishi anayeiongezea maji anamwagilia mto.

Tuanzie sokoni. Mimi huamka saa kumi na moja kuwahi mizigo ya Isongole na Inyala kabla wachuuzi hawajaipanga, maana ikishapangwa, zile nzuri zinakaa juu na mbovu zinakaa chini. Ishike kwa viganja viwili, ubonyeze karibu na kilele. Ikibonyea kama mto wa kulalia, iache, ndani ni majani yaliyolegea na hewa. Kisha chukua mbili zenye ukubwa sawa, moja kila mkono, ununue inayovuta mkono chini.

Halafu igeuze. Hapa ndipo wengi hawaangalii. Shina likiwa jeupe na lina unyevu pale lilipokatwa, hiyo imekatwa jana au usiku. Likiwa la kahawia na limekauka kama kuni, imeshalala siku kadhaa. Ukiona duara jeusi ndani ya shina, kama mtu kachora kwa kalamu ya wino, hiyo ina uozo mweusi. Ni ugonjwa wa bakteria, unapita kwenye mishipa ileile inayopandisha maji. Shambani huanza na doa la njano lenye umbo la herufi V kwenye ukingo wa jani, na mishipa yake inakuwa myeusi. Mchuuzi mjanja atabandua majani yote ya nje ili usione hiyo V. Shina hawezi kulibandua. Nilishawahi kununua kiroba kizima bila kugeuza hata moja, msimu wa mvua, na nilipozipasua jikoni nilitupa karibu nusu. Tangu siku hiyo nageuza moja moja, wanune wasinune.

Vumbi jeupe lililoko juu ya majani lisikutishe. Wateja huniuliza kama ni dawa ya kupulizia. Ni nta ya kabichi yenyewe, ndiyo maana ukiimwagia maji yanaviringika kama shanga na kudondoka. Dawa haionekani kwa macho, na ndiyo ya kuogopa, kwa sababu kabichi ina adui mmoja msumbufu kweli: viwavi wadogo wa kijani wa nondo anayeitwa mgongo almasi. Ukimgusa kiwavi anajirusha na kuning'inia kwa uzi. Hao wamezoea dawa nyingi, kwa hiyo mkulima anapiga, wanarudi, anapiga tena. Mimi nina wakulima wawili ninaowafahamu na huwauliza bila aibu wamepulizia lini, maana kwenye chupa ya dawa kumeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nisipomfahamu mwenye mzigo, natupa majani mawili au matatu ya nje, yanayobaki naosha moja moja kwa maji yanayotiririka. Kuichovya kabichi nzima kwenye beseni ni kuiogesha na koti lake. Na fungua mikunjo, vidukari wa kijivu hujificha humo kama unga.

Iliyopasuka kichwa ina hadithi yake. Ilikomaa, ikakaa na kiu, mvua ikaja ghafla, ikanywa kuliko ngozi yake inavyoweza kubeba. Kama ni ya bustani yako na unaona mvua inakuja, shika kichwa ukizungushe kidogo mpaka usikie mizizi michache inakatika. Inapunguza kunywa, unapata siku kadhaa za kuvuna kwa nafasi. Sokoni iliyopasuka huuzwa bei ya kutupa na haina ubaya wowote ukiipika siku hiyohiyo.

Sasa jikoni. Kabichi moja ya kilo moja na nusu hadi mbili, vitunguu maji viwili, karoti mbili, hoho moja, mafuta ya alizeti vijiko vinne vya chakula, chumvi. Nyanya siweki. Najua wapo watakaonipinga, lakini nyanya ni maji mengine, na nyanya nzuri ya Ilula inastahili mchuzi wa samaki, si kumezwa na kabichi.

Pasua kabichi sehemu nne, toa kile kigogo cha katikati (usikitupe), laza kila robo ubavu, ukate nyembamba sana, kama unavyokata kitunguu cha kachumbari. Kisu kiwe na makali. Kisu butu kinaponda, na kilichopondwa kinatoa maji kabla hakijaona moto. Ukishayaosha majani, yakaushe kwa kitambaa au yaache kwenye chekecheo dakika kumi. Wengi wanaruka hatua hii halafu wanalaumu kabichi.

Sufuria iwe pana, si ndefu. Mkaa uwe umekolea. Mafuta yapate moto, weka vitunguu mpaka vilainike bila kuwa vya kahawia, karoti dakika mbili, kisha kabichi nusu yake tu. Geuza. Itasinyaa, ndipo uongeze nusu nyingine na hoho. Ukiijaza yote kwa mpigo, ya chini inachemka kwa mvuke wa ya juu na hapo umerudi bwenini. Usifunike. Sikiliza: ikiwa inalia "chwaaa" uko sawa, ikianza "bwata bwata" maji yameshatoka, ongeza moto na utandaze kwa mwiko. Dakika tano, sita, saba zinatosha. Chumvi weka mwisho kabisa, unapokaribia kuipua, kwa sababu chumvi ndiyo inayoyaita maji nje. Ikiiva hivyo bado ina ukijani na inalia kidogo menoni. Na ile harufu nzito inayowafanya watoto wazibe pua hutokana na kuipika muda mrefu.

Kwenye kachumbari ya chipsi na nyama choma, mambo yanageuka. Chumvi ileile iliyokuwa adui inakuwa fundi wako. Kata kabichi nyembamba, nyunyizia chumvi kijiko kimoja cha chai, ifinye finye kwa mikono, iache dakika 15. Kisha ikamue. Utashangaa maji yanayotoka, mimi hupata karibu kikombe kizima kwa nusu kabichi. Ndipo uweke karoti, kitunguu kilichooshwa, pilipili na ndimu. Kachumbari ya namna hii haiogeleshi chipsi hata ikikaa mpaka saa nne usiku.

Kabichi tamu kuliko zote ni ya Juni na Julai, baridi ikishika. Mmea ukipigwa na baridi unajiongezea sukari. Hapo hata pilipili sihitaji.

Na Julai ndipo kondakta mmoja wa daladala za kwenda mjini huanza vituko vyake. Akiona abiria kavaa sweta, juu yake sweta, juu yake koti, na kitenge kafunga shingoni, anapiga kelele: "Kabichi moja hiyo, msogezeeni ikae!" Nami nimeshaitwa hivyo, sikukasirika, nilikuwa nimevaa manne. Wanafunzi nao huitania kabichi kwa uchungu zaidi. Mtoto wa kitajiri anaitwa wa mboga saba, basi wao hujiita wa mboga moja, na hakuna haja ya kuuliza ni ipi. Wafaransa nao humwita mpenzi "kabichi yangu ndogo". Nilimjaribu mume wangu kwa hilo, akaniuliza kama mafuta yamekwisha. Yeye ni fundi cherehani, kwa hiyo la kwake ni hili: Uingereza, tangu karne ya 17, vipande vya kitambaa ambavyo fundi alibaki navyo baada ya kumkatia mteja vilikuwa vikiitwa kabichi. Tuna gunia zima la kabichi ya namna hiyo chini ya kitanda, na wateja wake wasisome hapa.

Kuhusu dawa, nitasema ninachokijua na pale ninapokomea.

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, siku ya nne maziwa yalijaa mpaka matiti yakawa kama mawe, mtoto hawezi kushika. Mama mkwe alitoka nje, akarudi na kabichi iliyolala kibarazani usiku kucha. Baridi ya Mbeya haihitaji friji. Alifanya hivi, nami nimewafundisha wengi: chukua majani mawili ya ndani, yaoshe vizuri, yakaushe, kata ule mshipa mnene wa katikati, kisha pitisha msukumio wa chapati juu yake mpaka mishipa midogo ivunjike. Laza kwenye titi ndani ya sidiria, chuchu ibaki wazi. Yakisinyaa na kupata joto, kama dakika 20 hivi au zaidi kidogo, yatoe. Nilipata nafuu ya kumwezesha mtoto kushika. Lakini tiba yenyewe ilikuwa kunyonyesha na kukamua, jani lilipunguza maumivu tu, na kitambaa chenye maji baridi kinaweza kufanya kazi hiyohiyo. Kama ngozi ina michubuko, usiweke. Ukipata homa, titi likawa jekundu na la moto upande mmoja, jani liache, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Vidonda vya tumbo ndilo swali la madereva. Mmoja alikuwa akibeba juisi ya kabichi kwenye chupa ya maji kutoka Dar mpaka Tunduma. Habari hii ina asili: mwaka 1949 daktari wa Marekani, Garnett Cheney, aliandika kuhusu wagonjwa 13 wa vidonda aliowapa juisi mbichi ya kabichi, akaona wamepona haraka. Ila ni watu 13 tu, na miaka hiyo haikujulikana kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria. Hilo waligundua Barry Marshall na Robin Warren huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo anauawa kwa dawa za hospitali. Nilimwambia dereva wangu anywe juisi yake kama anaipenda, lakini akapime. Alipima, wakamkuta naye, akatibiwa. Juisi ameacha mwenyewe, anasema ilikuwa inamjaza gesi, na kwenye lori kuna utingo.

Bibi yangu alikuwa na rovu, kama wazee wengi wa nyanda hizi walivyokuwa nalo, kwa sababu udongo wa milimani hauna madini joto ya kutosha. Kabichi ikiliwa kwa wingi, hasa mbichi, inaweza kuizuia tezi ya shingoni kuyatumia hata hayo machache. Kwa anayetumia chumvi yenye madini joto, sahani ya kila siku haina neno. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kabla hajabadilisha kiasi cha mboga za majani anachokula.

La mwisho ni kuhifadhi. Usiioshe mpaka siku ya kupika. Ukitaka nusu, usiipasue, bandua majani kuanzia nje na ile iliyobaki itaendelea kujilinda. Iweke mahali penye giza na ubaridi, isigusane na nyanya wala ndizi zinazoiva, zitaifanya ya njano.

Na kile kigogo nilichosema usikitupe: kimenye ganda gumu, kikate vijiti, nyunyizia chumvi na ndimu. Kwangu hakifiki mezani. Wanangu wawili wanakigombania mlangoni kwa jiko, na mkubwa ndiye mwenye tabia ya kupima vijiti kwa rula ya baba yake.