Shoka la kutu lisikupite
Ukipita soko la Kadutu hapa Bukavu ukaona kichwa cha shoka kuukuu kwenye rundo la vyuma, usikidharau. Kining'inize kwa kamba, ukigonge kwa nyundo: kikilia kama kengele, nunua, kikitoa sauti ya chungu chenye ufa, kiache. Nyumbani kilaze ndani ya siki usiku mmoja, asubuhi usugue kwa brashi ya waya, suuza, kausha upesi, paka mafuta.

Tafadhali sana, usikitupe motoni kuondoa kipande cha mpini kilichobaki ndani! Moto unaua ugumu wa makali. La babu yangu niliharibu hivyo, mpaka leo naumia. Toboa mti huo kwa keekee. Noa kwa tupa, polepole. Kwenye mashine ya kunolea, chuma kikipata joto kikageuka buluu tu, pale pameshalainika.