Makoti na viatu mlangoni: kuchagua kabati la vipande

Mwaka wa kwanza katika nchi ya baridi mtu hununua koti moja. Ukifika mwaka wa tatu, familia ya watu wanne ina makoti 12: ya mvua, ya theluji, na yale ya watoto ambayo yameshawabana ila hakuna aliyepata nafasi ya kuyagawa. Viatu ndiyo usiseme. Kulabu moja nyuma ya mlango haitoshi tena, na wengi wetu hapo hukimbilia kabati la kwanza lenye picha ya kuvutia.

Kabla ya picha, shika futi ya kupimia. Naongelea hapa makabati ya vipande, yaani yale ambayo fremu, rafu, fito ya kutundikia, droo na milango huuzwa mbalimbali, nawe unaunga unavyotaka. Kwa mpangaji hayo ndiyo yanayofaa, kwa sababu unaweza kuanza na fremu moja na kuongeza baadaye, na siku ya kuhama unayafungua.

Kipimo kinachowaponza watu si urefu wala upana, ni kina. Henga ya mtu mzima ina upana wa takriban sentimita 45. Ivalishe koti zito, mabega na mikono inafika sentimita 55 au zaidi. Ndiyo maana kabati la kutundika makoti kwa ubavu huhitaji kina cha karibu sentimita 60, la sivyo mlango utakuwa unabana mikono ya makoti kila siku. Sasa chukua korido yenye upana wa mita 1.2. Ukitoa hizo 60, inabaki njia ya sentimita 60, na mwenye mzigo au kigari cha mtoto hapiti. Njia ya kupita iachie angalau sentimita 80, na 90 ni bora.

Korido ikiwa nyembamba, tafuta fremu ya kina cha sentimita 35 hadi 40 yenye fito fupi ya kuvuta kuja mbele. Makoti hukaa yakikutazama, moja nyuma ya jingine. Yanaingia machache, na la nyuma kabisa utalisahau hadi msimu ujao, lakini mlango unafunga. Mimi ningechagua ubao wa kulabu ulio wazi kwa makoti ya kila siku, kisha kabati la kina liende chumbani na yale ya msimu mwingine. Kabla ya kulipa, chora umbo la kabati sakafuni kwa tepu ya karatasi uishi nalo siku mbili. Fungua mlango wa nyumba, fungua na milango ya kabati lenyewe kwa kukadiria, uone kama vinagongana.

Kwa kimo, koti refu linataka kama sentimita 140 chini ya fito, jaketi linatosheka na 100. Nyumba yenye majaketi pekee ina nafasi chini ya kuweka rafu mbili za viatu. Angalia pia kuta za ndani za fremu: zikiwa na mistari ya vitobo vilivyoachana milimita 32, kipimo ambacho makabati mengi ya Ulaya hufuata, utaweza kuhamisha rafu na fito juu au chini. Kwa wenye watoto hilo si dogo. Fito ya mtoto ianze karibu mita 1 kutoka sakafuni, ipande kadiri anavyokua, maana mtoto asiyefikia fito atatupa koti chini na hutakuwa na la kumlaumu.

Viatu vina kabati lao jembamba, lile la droo zinazoinamia mbele, lenye kina cha sentimita 17 hadi 25 hivi. Linaokoa korido, lakini viatu vya namba 45 hugoma kuingia na mabuti ndiyo kabisa. Beba kiatu kikubwa kuliko vyote nyumbani uende nacho dukani ukajaribu. Rafu bapa hutaka kina cha sentimita 35, na upana wa sentimita 80 hubeba jozi tatu au nne tu.

Halafu kuna maji. Koti lililolowa halifungiwi kabatini: litanuka, na ukungu utahamia kwenye mengine. Kwa hiyo mfumo wowote utakaochagua uwe na sehemu iliyo wazi, kulabu kadhaa na chini yake trei yenye kingo za kuzuia maji ya theluji na chumvi inayomwagwa barabarani, ambayo huacha madoa meupe kwenye ngozi. Ubao wa chembe za mbao zilizoshindiliwa huvimba ukinywa maji kwenye kingo, na ukishavimba haurudi. Chagua fremu yenye miguu, au ya chuma kwa sehemu ya chini. Viatu vya ngozi usivikaushe juu ya kipasha joto, vitapasuka.

Kabati jembamba la viatu lazima lifungwe ukutani, kwani droo zikifunguka zote uzito unakuja mbele. Kabati refu vilevile, hasa kwenye watoto wanaopanda. Marekani ilifikia hatua ya kutunga sheria mwaka 2022 kuhusu makabati ya nguo yanayopinduka. Muulize mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kutoboa, kisha gonga ukuta: ukisikia uwazi, huo ni wa jipsamu, unataka plagi za skrubu zinazotanuka nyuma ya ubao, si zile za zege.

Ukinunua lililotumika, kagua ubao wa mgongo na uhesabu viungio vyote kabla ya kulichukua. Skrubu inayoshika ubao moja kwa moja hulegea kila inapofunguliwa. Viungio vyenye boliti na tundu la chuma huvumilia kuhama mara nyingi. Skrubu zinazobaki tia kwenye mfuko pamoja na ile funguo yenye umbo la L, ubandike kwa tepu ndani ya kabati lenyewe, juu kabisa, pasipofikiwa na watoto.