Somo: Malindi hadi Gede na Watamu kwa baiskeli, upepo ukiwa upande wako

Wiki hii nimeulizwa mara nne habari za kwenda Gede kwa baiskeli, na wote wanne waliulizia kilomita. Kilomita si kitu. Malindi mjini hadi Gede ni kama 16, ukiingia Watamu waongeza 6 hivi, na ardhi ni tambarare kama sinia. Kitakachoamua kama utarudi unapiga mluzi au unaikokota baiskeli kwa miguu ni upepo, na huo hakuna aliyeniuliza.

Hatua ya kwanza: soma msimu kabla ya ramani

Kusi, upepo utokao kusini, huvuma tangu Aprili hadi Septemba hivi; kaskazi, utokao kaskazini, tangu Desemba hadi Machi. Alfajiri upepo huwa umelala. Ikifika saa nne umeamka, na alasiri ndipo unapovuma kwelikweli. Kwa hivyo kanuni yangu waendeshaji wapya huiona ya kinyume: wakati wa kusi nenda kusini, wakati wa kaskazi nenda kaskazini. Asubuhi waenda mbisho ukiwa na nguvu zako na upepo hauna zake. Mchana ukishachoka, wakusukuma mgongoni mpaka nyumbani.

Nililipa ada ya somo hili. Julai moja niliamua kwenda Mambrui, kilomita chache kaskazini, nione lile kaburi la mnara lililopambwa kwa vyombo vya kauri vya Kichina. Nilikwenda kama mfalme, miguu haikutoka hata jasho, nikajisifu kwamba mazoezi yameanza kulipa. Kumbe ni kusi. Wakati wa kurudi, pale daraja la Mto Sabaki ambapo hapana mti wala nyumba ya kukinga, nilikuwa nakanyaga kwa nguvu zote na mama mmoja mwenye ndoo kichwani ananipita. Akanipa pole. Sikuwa na pumzi ya kuitikia.

Somo hili basi ni la kusi, Julai hadi Septemba, safari ya kusini. Mei usiende: masika huwa hayajaisha, na vijia vya udongo vyote ni tope.

Hatua ya pili: jioni ya kuamkia safari, jaribu baiskeli hadi kwenye mnara wa Vasco da Gama

Ni mwendo mfupi kutoka mjini ukifuata ufuo, wa kukuonyesha kama breki zinashika na kama kiti kinakuumiza. Ukikaa kitini na kisigino kikiwa kwenye pedali ya chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Wengi hapa kwetu huweka kiti chini mno, halafu wasema baiskeli nzito.

Mnara wenyewe ni wa mawe ya matumbawe, na msalaba wa juu ni wa jiwe lililotoka Lisbon. Mimi hukaa pale chini kwa sababu ya hesabu moja. Vasco da Gama, yule baharia Mreno, alifika Malindi Aprili 1498, akapewa rubani anayezijua pepo, kusi ikambeba hadi pwani ya Calicut, India, kwa muda usiofika mwezi. Kurudi hakungoja kaskazi ianze kuvuma. Bahari ile ile ikamchukua takriban miezi mitatu, na mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye njiani. Ukiwa na haraka ya kuondoka saa tatu asubuhi, mkumbuke.

Kanisa dogo la Wareno, lile la paa la makuti, liko njiani ukirudi mjini. Dakika kumi zatosha.

Hatua ya tatu: mzigo

Maji lita mbili kila mtu, na si chini. Tyubu ya akiba, viraka, solusheni, msasa, pampu, spana ya kufungulia gurudumu. Taa ya nyuma. Mahamri na mbaazi kwenye chombo kinachofunga kisawasawa (sababu yaja). Simu yenye chaji, maana siku hizi kiingilio kwenye maeneo ya makumbusho hulipwa kwa simu.

Kuhusu pancha nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo iwarudishayo watu nyumbani. Adui wetu si misumari, ni mbigili, kale kamwiba kenye pembe ambako hata kakianguka vipi pembe moja hutazama juu. Kando ya barabara kamejaa. Siku moja nilipata pancha karibu na Msabaha, fundi mmoja chini ya mwembe akanizibia. Aliizamisha tyubu kwenye karai la maji, mapovu yakatoka, akapasugua kwa msasa, akapaka solusheni, kisha akaiacha. Mimi namhimiza, yeye apepea tu kwa kipande cha katoni. "Ikiwa bado yang'aa haijakamata." Ilipofifia ndipo akabandika kiraka. Nikachukua pampu, akanipokonya. Akapitisha kidole taratibu ndani ya tairi, mzunguko mzima, akasimama, akachomoa mbigili wa pili. Ningejaza upepo wakati ule ningefika mita mia mbili.

Hatua ya nne: ondoka saa kumi na moja na nusu

Hii ni barabara kuu ya Mombasa, ina malori na matatu zinazokimbizana na abiria. Ukitangulia alfajiri, sehemu kubwa ya njia utaimaliza kabla hawajachangamka. Kaa kushoto, lakini usiendeshe kwenye ukingo kabisa wa lami, maana mahali pengine umemeguka na una ngazi ndogo ya kukuangusha. Ukisikia honi ndefu ya lori nyuma yako na lingine laja mbele, shuka kwenye vumbi. Haki ya njia utadai siku nyingine.

Hatua ya tano: Gede

Fika mapema, kabla ya mabasi ya watalii. Mji huu ulistawi kati ya karne ya 13 na ya 17, ukahamwa, msitu ukaumeza. Ulitangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927, James Kirkman akaanza kuuchimbua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO wakauingiza katika Urithi wa Dunia. Lakini nyinyi msitembee kama wanafunzi wa shule wakihesabu magofu. Tafuteni kaburi lenye tarehe, limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Kisha nendeni kwenye kisima kando ya Msikiti Mkuu, mchungulie kina chake. Moja ya sababu zinazotajwa za watu kuhama ni maji kuzidi kushuka chini. Ukiwa na koo kavu baada ya kilomita 16, waielewa sababu hiyo bila kufafanuliwa.

Na sasa habari ya chombo. Kima wa Gede wajua zipu. Niliegemeza baiskeli, nikageuka kusoma kibao, nikageuka tena, mahamri yangu yako juu ya mbuyu.

Hatua ya sita: Watamu au Mida, si zote mbili

Kwa siku moja chagua. Watamu ni ufuo na samaki. Mida ni hori ya bahari yenye mikoko na ile njia ya mbao inayoning'inia juu yake, na mimi huchagua Mida. Baiskeli usiiingize kwenye maji ya chumvi hata kidogo. Ukishindwa kujizuia, imwagie maji yasiyo na chumvi jioni hiyo hiyo na uipake cheni mafuta, la sivyo baada ya wiki italia kama mlango wa ghala.

Pumzika kivulini mpaka saa tisa. Kisha geuza, na kusi ifanye kazi yake.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu cha baiskeli

*Mzee wa Maweni:* Mwanangu, mimi nina blakimamba, haina gia. Nitaweza?

Shikamoo mzee. Utaweza, hakuna kilima cha kukutaka gia. Ila ipunguze uzito: toa ile keria ya chuma ya kubebea magunia.

*Dada Kadzo:* Twaenda wanawake watatu, wawili wavaa buibui. Cheni haitatuvuta?

Hili namwachia Ummu Salma, yeye ndiye mjuzi.

*Ummu Salma:* Itakuvuta, dada, mimi iliniangusha mbele ya stendi nzima. Tafuta baiskeli yenye kava ya cheni, na iwe ile isiyo na mtaimbo wa juu. Ndani vaa suruali pana, halafu mguu wa kulia ufunge kwa raba iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Buibui lipandishe kidogo, ulikalie, lisining'inie nyuma kwenye spoki. Mtandio uuchomeke ndani ya nguo. Upepo wa kusi hauna adabu.

*Kijana wa Takaungu:* Kaka, naweza kukata kupitia msitu wa Arabuko-Sokoke nikwepe barabara kuu?

Hapana, si peke yako. Mle mna ndovu. Nenda kwenye kituo cha msitu, si mbali na njiapanda ya Gede, uchukue mwongozaji. Ukibahatika utamwona sange mwenye tako la dhahabu, kale kanyama kadogo kenye pua ndefu, hata magofuni Gede hupita.

*Abu Twalib:* Na Lamu je? Nataka kuichukua baiskeli yangu Idi hii.

Iache nyumbani. Vichochoro vya mji wa kale ni vya punda na miguu, na punda ndiye mwenye njia. Wewe na usukani wako mtabanwa kwenye baraza ya mtu.

*Dada Kadzo:* Mmoja wetu akichoka Gede, matatu zabeba baiskeli?

Zabeba, juu. Patana bei kabla haijapandishwa, na uifunge kamba wewe mwenyewe.

*Mzee wa Maweni:* Jumamosi mwaondokea wapi? Na kile kiraka chako cha juzi kimeshika?

Pale njia ya uwanja wa ndege inapoanza, saa kumi na moja na nusu. Kiraka kimeshika, mzee, lakini njoo na pampu yako, yangu mtu ameazima tangu Ramadhani.