Kubuni mguu wa roboti wa kupigia mpira: kutoka hesabu ya nishati hadi majaribio

Timu nyingi za wanafunzi zinapoanza kubuni mguu wa kupigia mpira huuliza kwanza ni mota gani inunuliwe. Swali hilo lina mahali pake, lakini mahali hapo ni karibu na mwisho wa kazi. Mguu na mpira hugusana kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde, na mota ndogo ya volti 12 haiwezi kutoa nguvu yote inayotakiwa ndani ya muda mfupi kiasi hicho. Kinachopiga mpira ni nishati iliyokusanywa polepole na kuachiwa ghafla, kama ilivyo kwa manati. Kwa hiyo katika mwongozo huu tutaanza kwenye mpira, turudi kwenye mguu, kisha kwenye springi, na mota tutaichagua baada ya kujua imetakiwa kufanya kazi kiasi gani.

Mfano nitakaoutumia ni mchezo wa Breakaway, uliochezwa mwaka 2010 katika mashindano ya FIRST Robotics Competition nchini Marekani. Roboti za wanafunzi, ambazo kila moja haikuruhusiwa kuzidi kilo 54 bila betri na mabampa, zilicheza mpira wa kawaida wa saizi 5 katika uwanja wa takriban mita 16.5 kwa 8.2, uliokatwa na matuta mawili. Kanuni ilizuia mpira kuingia ndani ya fremu ya roboti zaidi ya inchi 3, yaani takriban sentimita 7.6, hivyo haikuwezekana kuukumbatia mpira na kuutupa, ilibidi upigwe. Mchezo huo umepita, lakini tatizo lake ndilo hilo hilo linaloikabili timu yoyote yenye roboti na mpira mbele yake.

Hatua ya 1: Amua mpira uende wapi

Tuseme tunataka mpira uruke juu ya tuta na kutua mita 6 mbele, na tumechagua uondoke kwa pembe ya nyuzi 25. Mlinganyo wa kitu kilichorushwa unasema kwamba umbali ni sawa na mwendokasi kipeo cha pili, mara saini (sin) ya pembe maradufu, yaani ya nyuzi 50, kugawanya kwa 9.8. Ukikokotoa unapata takriban mita 8.8 kwa sekunde, na kilele cha mruko kinafika sentimita 70 hivi, ambacho kinatosha kabisa kuvuka tuta. Mpira wa saizi 5 una gramu 410 hadi 450. Tukichukua gramu 430, nishati ya mpira unapoondoka ni jouli 16.5. Andikeni namba hiyo ukutani mwa karakana, kwa sababu kila uamuzi unaofuata unatoka kwake.

Hatua ya 2: Chagua tungamo la mguu

Hapa ndipo timu nyingi hupoteza nguvu bila kujua. Wapo wanaotengeneza mguu mwepesi sana ili uende kasi, na wapo wanaochomelea chuma kizito ili upige kwa kishindo. Hesabu ya mgongano inaonyesha kwamba kwa kiasi fulani cha nishati, mpira hupata mwendokasi mkubwa zaidi pale tungamo la mguu, kama linavyohisiwa mahali pa kugusana, linapokuwa sawa na tungamo la mpira.

Ili kuthibitisha hilo unahitaji kiwango cha kudunda cha mpira wenyewe. Uangushe kutoka urefu wa mita 2 juu ya sakafu ngumu, upime unarudi hadi wapi, ugawanye urefu huo kwa 2, kisha utafute kipeuo cha pili. Mpira uliojazwa vizuri hukaribia 0.85, lakini kwenye pigo kali hupungua. Mimi hutumia 0.7 ili hesabu isinidanganye. Mwendokasi wa mpira ni mwendokasi wa mguu, mara (1 + kiwango cha kudunda), mara tungamo la mguu, kugawanya kwa jumla ya tungamo zote mbili. Kwa mguu wa gramu 430, ili mpira uondoke kwa mita 8.8 kwa sekunde, mguu unatakiwa ufike mita 10.3 kwa sekunde, na nishati yake ni takriban jouli 23. Kwa mguu wa gramu 100, kazi hiyo hiyo inadai jouli 37. Kwa mguu wa gramu 860 inadai 26. Utaona kwamba kuzidisha uzito kidogo hakuumizi sana, ila kuupunguza mno kunagharimu.

Tungamo linalohisiwa si lile linalosomwa kwenye mizani. Pao lililoegemezwa upande mmoja na kuzunguka huhisiwa kwenye ncha kama theluthi ya uzito wake tu. Kwa hiyo pao la alumini la sentimita 40 lenye gramu 300 linachangia gramu 100, na unyayo uliofungwa kwenye ncha unatakiwa uwe wa gramu 330. Vitu vilivyofungwa karibu na egemeo, yaani mahali mguu unapozungukia, kama kulabu za springi, vinachangia kidogo sana, hivyo vifanyeni imara bila kuhofia uzito wake.

Hatua ya 3: Chagua kinachohifadhi nishati

Si nishati yote ya springi inayofika mguuni. Sehemu inaliwa na msuguano wa beringi, nyingine inabaki katika springi yenyewe kwa kuwa nayo ina uzito na inakimbia. Nikitaka jouli 23 mguuni huweka akiba ya jouli 35.

Springi za chuma hazibadiliki sana mechi hadi mechi, lakini ni nzito. Mirija ya raba, ya aina inayotumika hospitalini au iliyokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, huhifadhi nishati nyingi kwa uzito mdogo na hupatikana kirahisi, ila huchoka, na ikichomwa na jua hupasuka. Silinda ya hewa inavutia kwa sababu ina kani kubwa, lakini vali ndogo hupitisha hewa polepole mno kwa pigo la ghafla. Ifaavyo ni kuitumia kuvuta springi, na si kupiga mpira moja kwa moja. Ushauri wangu ni kuanza majaribio kwa raba, kwa sababu unaweza kuongeza au kupunguza mrija mmoja mmoja hadi upate unachotaka.

Tufunge raba kwenye mguu sentimita 12 kutoka egemeo, na mguu urudishwe nyuma nyuzi 75 kutoka mahali unapougusa mpira. Ncha ya raba itasafiri takriban sentimita 15. Kama raba ingekuwa imelegea kabisa mwanzoni, kani ingebidi ifike karibu nyutoni 470 mwishoni ili kupata jouli 35. Lakini ukiifunga ikiwa tayari imevutika kwa nyutoni 150, kani ya mwisho inakuwa nyutoni 320 tu kwa nishati ile ile, kwa kuwa wastani wa 235 mara mita 0.15 ni 35. Huo ni unafuu mkubwa kwa mota, kwa fremu na kwa kila bolti.

Msikubali namba za dukani bila kuzipima. Chukueni mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo, vuteni raba sentimita 2 kwa wakati, na kila mara andikeni kilo zilizosomwa, mkizizidisha kwa 9.8 kupata nyutoni. Choreni grafu ya kani kwa umbali. Eneo lililo chini ya mstari ndiyo nishati yenu. Pimeni pia wakati mnairudisha, maana raba hurudisha pungufu ya ilichopokea, na tofauti ya mistari hiyo miwili itawaambia mnapoteza kiasi gani.

Hatua ya 4: Unyayo na mahali pa kugusana

Mpira huondoka kwa uelekeo unaofanya pembe mraba na uso wa unyayo, si kwa uelekeo wa mguu. Kwa hiyo uso wa unyayo ulazwe nyuma nyuzi 25, na uuguse mpira chini ya kitovu chake. Mpira wa saizi 5 una nusu kipenyo cha sentimita 11, na ukikokotoa utaona mguso unaangukia takriban sentimita 6.4 kutoka sakafuni. Tofauti ya sentimita moja hapo hubadilisha mruko waziwazi, hivyo tobo za kufungia unyayo zifanywe ndefu ili uweze kusogezwa juu na chini kabla ya kukazwa. Upana wa sentimita 12 unatosha kusamehe mpira usiokaa katikati kabisa.

Mpangeni mguu uwe wima wakati wa kugusa mpira. Kisha uachiwe nafasi ya kuendelea mbele nyuzi 20 zaidi, kwa sababu ndani ya ile sehemu moja ya mia ya sekunde mguu na mpira husafiri pamoja sentimita kadhaa, na mguu ukizuiwa kabla mpira haujaondoka, pigo linakatika.

Hatua ya 5: Kukokota, kushika na kuachia

Kwa mzunguko mdogo wa mguu, nyuzi 40 hivi, kemu, yaani gurudumu lisilo duara linalosukuma mguu, yenye umbo la konokono inafaa sana: mota inazunguka upande mmoja, mguu unainuka taratibu, na penye ukingo unaanguka. Kwa nyuzi 95 tulizonazo, yaani 75 nyuma na 20 mbele, kemu ingekuwa kubwa kupita kiasi. Ningechagua winchi, yaani ngoma inayozungushwa na mota, ya kukunja mkanda wa nailoni, pamoja na kitasa.

Winchi inaukokota mguu kutoka unapopumzika hadi kitasa kiudake, kisha inaulegeza mkanda wote, na hapo mguu unabaki umeshikwa na kitasa peke yake. Kitasa cha mlango wa gari ni chaguo bora, maana kimebuniwa kushika kani kubwa na kuachia kwa mvuto mdogo, na kwa wauza spea zilizotumika hakikosekani. Kifungeni mbali na egemeo: kani ya nyutoni 320 kwenye sentimita 12 inakuwa chini ya nyutoni 100 kwenye sentimita 40. Cha kukifungua kinaweza kuwa kile kimota cha volti 12 kinachofunga milango ya gari.

Sasa ndiyo zamu ya mota. Mkanda unavutwa karibu sentimita 20. Ngoma ya winchi yenye kipenyo cha sentimita 4 itazunguka mara 1.6, na mwishoni itadai kani ya mzunguko ya takriban nyutoni-mita 6.4. Kukokota kwa sekunde 2 kunahitaji wastani wa wati 20 tu, na mota ya waipa za gari, ambayo ina gia ya skrubu ndani yake, inaendana na kazi hii iwapo kanuni za mashindano yenu zinairuhusu. Ijaribuni kabla ya kuifunga: funga mkono wa sentimita 20 kwenye shafti na uone kama inainua kilo 6.5 kwenye ncha. Ikiweza, ina karibu mara mbili ya kinachohitajika, na akiba hiyo si anasa, kwa sababu betri hushuka volti mechi inapoelekea mwisho.

Hatua ya 6: Kizuizi na usalama

Mguu uliopiga mpira vizuri hubaki na kasi ndogo, takriban asilimia 15 ya kasi yake ya awali. Mguu uliopiga hewa hubaki nayo yote. Kizuizi kibuniwe kwa ajili ya pigo la hewa, na kwa mfano wetu kihesabiwe kwa jouli 40, kwa kuwa raba bado inavuta hata baada ya mguu kupita wima. Nishati hiyo ikizuiwa na bolti ndani ya nusu sentimita, kani ya wastani kwenye ncha inafika nyutoni 8,000, na kitu kitavunjika. Ikizuiwa na mkanda wa nailoni uliofungwa na kipande cha raba ya tairi, ndani ya sentimita 3, inashuka hadi takriban 1,300. Fungeni mikanda miwili, ili mmoja ukikatika mwingine ushike.

Jouli 35 ni sawa na kilo tatu na nusu zilizoangushwa kutoka urefu wa mita moja, na mkono wa mwanafunzi hauwezi kustahimili hilo. Tobo la pini ya usalama lipite kwenye fremu na kwenye mguu, na pini yenye utepe mwekundu iwe ndani wakati wowote mguu umekokotwa na roboti haiko uwanjani. Anayekaribia avae miwani ya kinga, na pawepo njia ya kuulegeza mguu taratibu kwa winchi bila kupiga. Katika jambo hili mwalimu asilegeze kamba hata kidogo.

Hatua ya 7: Programu

Programu iwe na hali tano: pumzika, kokota, legeza, tayari, piga. Swichi ndogo kwenye kitasa inathibitisha kwamba mguu umedakwa, na kihisi kwenye ngoma kinathibitisha kwamba mkanda umelegezwa wote. Amri ya kupiga ikataliwe iwapo mkanda haujalegezwa, la sivyo mguu utaivuta winchi kwa nguvu na kuvunja meno ya gia. Mota ikikokota kwa sekunde 4 bila swichi kubanwa, isimame yenyewe.

Hatua ya 8: Pima kwa kamera ya simu

Simu nyingi za sasa hurekodi picha 240 kwa sekunde. Simamisheni ubao wenye mistari ya kila sentimita 10 nyuma ya mpira, mrekodi kutoka ubavuni, kisha mhesabu picha moja moja: mpira wa mita 8.8 kwa sekunde husogea takriban sentimita 3.7 kati ya picha na picha, na mguu unaokaribia kuugusa usogee sentimita 4.3. Mguu ukiwa na kasi inayotakiwa lakini mpira haunayo, tafuteni tatizo kwenye upepo wa mpira, tungamo la unyayo au mahali pa kugusana. Mguu wenyewe ukiwa mzito kwenda, rudini kwenye grafu ya raba na mkague beringi.

Pigo likishatulia, wekeni alama ya wino kwenye kila mrija ukiwa umelegea, kuonyesha urefu wake wa asili. Kila baada ya mechi linganisheni. Mrija uliorefuka ubadilishwe pamoja na mwenzake wa upande wa pili, ili mguu usivutwe kiupandeupande.