Waifai imeshika ila kurasa hazifunguki? Usikimbilie kuinstoo upya

Wadau wa Arusha mnaotumia Linux, hasa sie wa huku Sakina tunaochangia waifai na majirani, ukiona waifai imeshika ila kurasa hazifunguki usikimbilie kuinstoo upya, utamaliza bando na siku nzima bure. Fungua tamino (terminal, dirisha la kuandikia amri) andika ping -c 4 1.1.1.1 alafu ping -c 4 wikipedia.org, ya namba ikijibu na ya jina ikigoma basi neti ipo, kinachosumbua ni DNS, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Hapo badili DNS kwa nmcli, amri ya kupanga mtandao, piga nmcli con mod "jina la waifai" ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes, kisha nmcli con up "jina la waifai". Jina kamili utalipata kwa nmcli con show. Mi jana imeniokolea kazi ya mteja kabisa.