Kuandaa Nyumba kwa Tetemeko la Ardhi Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la ukubwa wa takriban 6.9 lilitikisa Subukia, kaskazini mwa Nakuru, likapasua uso wa ardhi kwa urefu wa kilomita 38, na mahali pengine upande mmoja wa ufa ukashuka zaidi ya mita mbili chini ya upande wa pili. Siku nne baadaye likafuata jingine la ukubwa wa 6.0. Mabamba ya Nubia na Somalia, yaani vipande vikubwa vya gamba la dunia, ambayo mwachano wake ndio uliozaa Bonde la Ufa, yangali yanaachana kwa milimita chache kila mwaka. Kwa kuwa hakuna awezaye kutabiri siku wala saa ya tetemeko, kazi inayofaa ni kuikagua nyumba, kwani wengi wanaokufa katika matetemeko huuawa na kuta zinazowaangukia.

Anza nje, ukitazama juu. Nyumba nyingi za kupanga zina ukuta mfupi uliojengwa juu ya ukuta wa mbele ili kuficha mabati, na ukuta huo, usiposhikiliwa na vyuma, huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuanguka, tena huanguka palepale mlangoni ambapo watu hukimbilia. Hali ni hiyo kwa pembetatu ya mawe iliyo chini ya kilele cha paa na kwa ua mrefu wa mawe usio na nguzo. Kagua pia mnara wa tangi la maji: tangi la lita 5,000 likijaa hubeba tani tano, na mnara uliochomelewa kwa vyuma vyembamba vilivyoanza kushika kutu hauwezi kuhimili uzito huo ukiyumbishwa. Kwa maoni yangu, mwenye fedha kidogo na aanzie kwenye mnara na ukuta huo wa juu kabla ya kufikiria jambo jingine lolote.

Anayejenga upya ana nafasi nzuri zaidi. Mawe ya kuchonga hubeba uzito wa paa bila shida, lakini hayastahimili kusukumwa huku na huku. Kwa hivyo mtake fundi wako aizungushe linta (boriti ya juu ya milango na madirisha) ya zege yenye vyuma nyumba nzima bila kuikata popote, aunganishe vyuma vyake barabara kwenye pembe, na alaze mkanda mwembamba wa chuma kati ya mistari ya mawe, hasa pale kuta mbili zinapokutana. Madirisha yasikaribie pembe za nyumba. Jengo la ghorofa lahitaji mhandisi aliyesajiliwa, na si busara kuokoa fedha hapo, hasa ikiwa ghorofa ya chini imeachwa wazi kwa maduka au magari, kwa sababu nguzo chache zisizo na kuta katikati yake ndizo hubeba mtikiso wote.

Ndani ya nyumba, funga kabati na rafu ndefu ukutani kwa skrubu, usiweke kitu kizito juu ya kitanda, na uufunge mtungi wa gesi kwa mnyororo ili usipinduke.

Ardhi ikianza kutikisika, piga magoti, ingia chini ya meza imara na uishikilie mguu wake mpaka mtikiso ukome. Pasipo na meza, jikunje kando ya ukuta wa ndani ulio mbali na madirisha, ukikinga kichwa na shingo kwa mikono. Aliye kitandani abaki hapo na kujifunika kichwa kwa mto. Usikimbilie ngazi. Katika nyumba ya udongo ya chini, yenye mlango ulio hatua chache tu na uwanja wazi mbele yake, kutoka upesi kwaweza kuwa salama zaidi kuliko kubaki.

Mtikiso ukiisha, funga gesi, zima umeme kwenye swichi kuu, na usiwashe kiberiti hata kama ni usiku. Toka, ukae mbali na kuta na nyaya, na usirudi kulala ndani ukiona nyufa za mshazari zinazoanzia pembe za madirisha, kwa kuwa mitetemo inayofuata huangusha kilicholegea. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupatikana kwa nambari 1199.

Wakazi wa Kisumu wasidhani kwamba jambo hili ni la Nakuru peke yake: Kisumu nayo iko katika tawi la Bonde la Ufa, na udongo laini wa tambarare za Kano huongeza mtikiso kuliko mwamba ufanyavyo. Wanaoishi chini ya miteremko ya Nyando wahofu zaidi tetemeko linalokuja katika majira ya mvua, udongo ukiwa umelowa, maana hapo maporomoko huanza kwa urahisi.

Lakini si kila ufa ni kazi ya tetemeko. Mpasuko uliokata barabara ya Mai Mahiu kuelekea Narok mnamo Machi 2018 ulitokea baada ya mvua kubwa, na wanajiolojia wengi waliueleza kuwa ni majivu ya volkano yaliyosombwa na maji chini ya ardhi. Ufa kama huo ukitokea katika ploti yako, usiufukie kwa taka wala kujenga juu yake. Elekeza maji ya paa mbali nao kwa mifereji, wazuie watoto na mifugo kuukaribia, na uiarifu serikali ya kaunti kabla ya mvua inayofuata.